Mkiukataa Wimbo Wangu, Niandikieni

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya sanaa,
Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA),
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA),
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
na wakuu wa vituo vya redio, vikubwa kwa vidogo.

YAH: WIMBO AMBAO HAUJAFUNGIWA NA HAUPIGWI

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mnaonizidi umri. Kwa wengine, habari za kazi.

Mimi ni mwimbaji na mtunzi wa nyimbo hapa Morogoro. Napiga gitaa kavu, naimba mwenyewe, sina lebo wala meneja. Nyimbo narekodi kwa fedha yangu na kuzisambaza kwa simu yangu. Nimejisajili kama taratibu zinavyotaka, na ada nalipa. Nimeishi hivi miaka 17 sasa. Siku za wiki nafundisha gitaa vijana wa kwaya, Jumamosi napiga kwenye harusi na sherehe za kipaimara, na muda unaobaki nakaa na watu kuwasikiliza, maana huko ndiko nyimbo zangu zinakotoka. Kazi hii imenisomeshea watoto wawili. Naipenda, na sitaki kazi nyingine.

Nawaandikia kwa sababu ya wimbo mmoja.

Jioni moja nilikuwa stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, nasubiri basi la Iringa lililochelewa kutoka Dar es Salaam. Kwenye benchi alikaa binti wa miaka 18 au 19. Pembeni yake kulikuwa na begi la shangazi kaja, zipu imekatika, amelifunga kwa kipande cha kanga. Miguuni kandambili zisizofanana, moja ya bluu, nyingine nyekundu. Alikuwa na noti mkononi anazihesabu. Akimaliza anazihesabu tena. Akaniamkia, tukaanza kuzungumza kama watu wanavyozungumza stendi basi likichelewa.

Alikuwa anarudi kwao Makete. Alikuwa amefanya kazi za ndani Dar es Salaam miaka miwili, analala jikoni, anaamka saa kumi alfajiri kuwaandaa watoto wa shule. Makubaliano yalikuwa elfu thelathini kwa mwezi, na mama mwenye nyumba akamwambia, “Nitakutunzia, usije ukazichezea.” Siku ya kuaga akapewa nauli na kitenge, pamoja na maneno kwamba vyombo alivyovunja na chakula alichokula vimezidi anachodai. Nilimtazama vidole. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imechubuka na kuwa nyeupe kwa sabuni ya unga. Hakulia. Aliniuliza tu kama elfu mbili itamtosha bodaboda, kutoka basi litakapomshusha hadi kijijini kwao.

Nilipofika Iringa nilimtafuta rafiki yangu anayezijua sheria za kazi. Akanionyesha amri ya kima cha chini cha mshahara iliyotangazwa na Serikali mwaka 2022 na kuanza kutumika Januari 2023. Kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida, amri ile iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi. Mtasema ni kidogo, na mimi nasema hivyo. Lakini miaka miwili kwa kiwango hicho ni shilingi 1,440,000. Ningemwambia nini yule binti, ambaye wakati huo alikuwa ameshafika kwao na kitenge chake?

Nikatunga wimbo. Nikauita “Elfu Sitini”. Una beti nne, na kiitikio chake ni hiki:

Sitini ya Serikali, imekomea getini,
Miaka yote miwili, nauli tu mkononi.

Hakuna jina la mtu ndani yake, hakuna tusi, hakuna chama. Kuna kiwango cha mshahara ambacho Serikali yenyewe ilikitangaza, na kuna binti ambaye hakukipata.

Prodyuza wangu ana studio ya chumba kimoja. Ukutani amebandika vipande vya godoro, na feni inazimwa tukianza kurekodi ili isiingie kwenye sauti, kwa hiyo tunarekodi huku tunatoka jasho. Alinitoza shilingi 150,000, bei ya kindugu. Alipoyasikia mashairi mara ya kwanza akavua spika za masikioni na kuniuliza, “Kaka, huu hautatuletea shida? Mimi nina watoto humu ndani.” Sikumcheka. Aprili 2017 msanii wa hip hop Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa wakiwa studio jijini Dar es Salaam, wakapotea siku tatu. Nadhani hakuna mwenye studio nchi hii asiyekumbuka siku zile tatu. Nilimwambia nitaandika jina langu peke yangu, lake lisitajwe. Akakataa. Akasema kazi yake ni nzuri na anataka ijulikane ni yake. Nawatajia hili ili mjue kwamba woga upo hata pale ambapo hakuna aliyetishwa, na kwamba wapo wanaofanya kazi nao ukiwa umekaa pembeni yao.

Redio moja ya hapa mkoani iliupiga Jumatatu, mara mbili, asubuhi na jioni. Simu zikaingia. Akina mama walipiga, na mabinti walipiga, wengine wakinong’ona kwa sababu walikuwa kazini kwa watu. Mwanamke mmoja aliyejitambulisha kuwa ni mwajiri alisema hewani kwamba hakuwa anajua kama kuna kiwango, na kwamba atakaa na binti yake wa kazi wapige hesabu upya. Nilikuwa nimesimama dukani nanunua mafuta ya taa, redio ya muuza duka ndiyo iliyokuwa ikisema. Nilisahau chenji.

Jumanne haukupigwa. Jumatano nikampigia mtangazaji. Akaniambia kwa upole, “Kaka, tuuache kwanza. Kuna maelekezo.” Kutoka kwa nani? “Kutoka juu.” Juu wapi? Akanyamaza, kisha akasema kipindi kinaanza, akakata simu.

Nilikwenda kwenye ofisi moja yenye mamlaka. Sitaitaja, kwa sababu afisa aliyenipokea alinipokea vizuri. Alinipa kiti, akatafuta kwenye kompyuta, akanihakikishia kwamba wimbo wangu haumo kwenye orodha ya nyimbo zilizofungiwa. “Uko huru, kijana wangu.” Nikamwomba aniandikie hivyo, nikawaonyeshe redio. Akasema hawana utaratibu wa kuandika barua ya kusema wimbo haujafungiwa. Nikarudi redioni. Mkuu wa vipindi akasema wao hawawezi kuupiga bila kuhakikishiwa kwa maandishi. Nimepanda daladala kati ya milango hiyo miwili mara sita.

Waheshimiwa, hapo ndipo penye kidonda changu. Wimbo ukifungiwa, mtunzi anajua alipo. Anaweza kukata rufaa, anaweza kubadilisha neno, anaweza kwenda mahakamani, anaweza hata kukubali kwamba alikosea. Wimbo ulioambiwa “tuuache kwanza” hauna pa kwenda. Hakuna aliyeukataa, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Unakufa kwa simu ya dakika moja ambayo haikuandikwa popote, na mtu aliyeipiga huenda hata hakutumwa na yeyote. Huenda ni mtu tu aliyechukia kusikia hesabu za nyumbani kwake zikiimbwa redioni. Mimi sijui, na ninyi hamjui. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulizungumze.

Najua mna kazi yenu. Sheria namba 23 ya mwaka 1984 iliyoanzisha Baraza la Sanaa la Taifa haikutungwa kwa bahati mbaya, na kanuni za mwaka 2018 zilizokuja baadaye zina mambo ambayo hata mimi nayaunga mkono. Sitaki mwanangu wa darasa la nne asikie matusi asubuhi kwenye basi la shule. Kuna nyimbo zinazomdhalilisha mwanamke kiasi kwamba mwanamume mzima anaona aibu kuzisikiliza mbele ya mama yake. Lakini neno “maadili” limekuwa kapu kubwa mno. Ndani yake mmeweka wimbo unaotukana na wimbo unaouliza, mkazifunika kwa kifuniko kimoja. Wimbo unaotukana unajua njia zake: unapita vigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani, unapita kwenye flashi, unapita kwenye simu za watoto. Wimbo unaouliza unahitaji redio, maana wanaopaswa kuusikia ni watu waliokaa nyumbani, wamejishughulisha, redio inasema dirishani.

Historia ya nchi yetu inawapa mifano, na naomba mniruhusu niitaje, maana sisi watunzi tunaishi nayo.

Siti binti Saad wa Fumba, mwanamke aliyekuja mjini Unguja akiuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Miongoni mwa nyimbo zake zilizobaki midomoni ni ule wa Kijiti. Ni habari ya kesi ya kweli: mgeni kutoka Bara, mwanamke mjamzito, alibakwa na kuuawa, muuaji, ndiye huyo Kijiti, akatorokea Bara, na waliokwenda kutoa ushahidi, wanawake, ndio wakaishia kuadhibiwa. Mahakama ya wakoloni ilikuwa na majalada, makarani na mihuri. Leo nani anayasoma majalada yale? Karibu miaka mia imepita, na anayetaka kujua Zanzibar ya wakati ule ilimtendea nini yule mwanamke anaanzia kwenye wimbo. Mara nyingi usiku nikikosa usingizi namfikiria Siti, kwa sababu hakuwa na cheo wala elimu ya darasani, na hakuna aliyemtuma.

Mwanamuziki Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja kuishi nasi hadi alipofariki Desemba 2010. Mtaa wake wa Sinza, Dar es Salaam, mpaka leo kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Ukimwi ulipoanza kutumaliza, watu wakizikwa bila ugonjwa kutajwa, alitunga “Mambo kwa Soksi” kuwaambia wanaume wavae kondomu. Redio Tanzania, redio pekee tuliyokuwa nayo Bara wakati ule, haikuupiga. Ilionekana ni kinyume cha maadili. Watu waliusikia kwenye kaseti na kwenye kumbi. Miaka iliyofuata Serikali ikabandika mabango ya kondomu barabarani na kuzigawa bure hospitali. Nina mjomba aliyezikwa mwaka 1993. Simlaumu mtu kwa kifo chake. Nasema tu kwamba wimbo ule ulikuwepo, na redio ya mjomba wangu ilikuwa ikiwashwa kila jioni kwa ajili ya taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji.

Na huu wa tatu ni wa hapa hapa kwetu. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa mkoani Morogoro kwa ajili ya wimbo wake “Wapo”. Baraza likaufungia. Haikupita siku mbili, ikatangazwa kwamba Rais Magufuli ameagiza aachiwe na wimbo upigwe. Mji mzima ulishangilia, na mimi nilishangilia nao. Lakini nilipolala nilijiuliza: kumbe ule wimbo haukuwa na kosa? Kama haukuwa na kosa, kwa nini mtu alilala mahabusu? Na kama ulikuwa nalo, kosa lilikwenda wapi? Hatukuelezwa sababu za kuufungia, na hatukuelezwa sababu za kuufungulia. Nay ni msanii mkubwa, sauti yake ilifika Ikulu. Yangu haifiki hata Dodoma.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Sijasoma sheria, lakini ibara hiyo naikumbuka kwa sababu ni fupi.

Sasa fedha. Mtanisamehe, najua wengi wetu tukianza kuzungumza fedha mnachoka, lakini mtu anayeimba mambo ya jamii bila mdhamini hawezi kuitenganisha sauti na tumbo.

Watu wananiuliza kwa nini siimbi mapenzi. Naimba mapenzi, tena nafurahi. Nina wimbo wa harusi ambao mji huu wote wanakata keki nao. Pia nimeimba nyimbo za miradi: kunawa mikono, chandarua, lishe ya mjamzito. Mradi unakuja na ujumbe wake umeshaandikwa, unanipa siku tatu, unanilipa vizuri, na sioni aibu, kwa sababu kunawa mikono ni jambo jema na mama yangu alinifundisha kabla ya mradi wowote. Lakini hakuna mradi uliowahi kuja kuniambia: kaa stendi, msikilize mtu, tunga unachokiona. Nyimbo za namna hiyo zinalipwa na nyimbo za harusi. “Elfu Sitini” ililipwa na harusi mbili za Kihonda na kipaimara kimoja cha Bigwa.

Msanii wa kujitegemea angeweza kuishi kwa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi wimbo wake unapotumika, na hapo COSOTA na redio mnanihusu moja kwa moja. Januari 2022 mligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni, shilingi milioni 312 hivi, kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Nilifurahi, sitawaficha, ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuona kwamba wimbo ukipigwa hewani ni mali. Gawanyeni fedha ile kwa vichwa, hata hivyo, na mtaona kila mmoja anapata kama laki tatu, yaani bei ya kurekodi nyimbo mbili kwa prodyuza wangu mwenye huruma. Mabadiliko ya sheria ya mwaka huo huo wa 2022 yakafungua njia ya jumuiya za wasanii wenyewe kukusanya mirabaha, na ofisi yenu ikabaki kusimamia. Ni hatua nzuri. Shida yangu iko chini zaidi, iko mezani kwa mtangazaji.

Niliwahi kuingia studio ya redio moja ndogo, si ile niliyoitaja, nikaomba kuona wanavyoandika nyimbo walizopiga. Nikaonyeshwa daftari la shule, jalada la kijani. Kurasa tatu za mwanzo zimeandikwa vizuri: saa, jina la wimbo, jina la msanii. Kuanzia ukurasa wa nne imeandikwa “nyimbo mbalimbali”. Kuanzia wa saba hakuna kitu, isipokuwa namba za simu za wasikilizaji waliotuma salamu. Kijana aliyekuwa zamu aliniambia bila kuficha, “Bro, hapa niko peke yangu, nasoma matangazo, napokea simu, nabadilisha nyimbo. Daftari nitaandika saa ngapi?” Namwelewa kabisa. Lakini kila wimbo ulioandikwa “mbalimbali” una mtu aliyeutunga, na mtu huyo ana kodi ya nyumba. Mkubwa hapotei kwenye daftari la namna hiyo, kwa sababu wimbo wake unapigwa redio 50 na yupo mtu anayefuatilia. Anayepotea ni anayepigwa na redio tatu za wilayani.

Mji huu unajua habari ya msanii kuifuata riziki mbali. Mbaraka Mwinshehe, aliyelijenga jina la Morogoro Jazz, alikuwa akivuka mpaka kwenda Kenya kwa ajili ya santuri kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuzitoa. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, hajafika hata miaka 35. Nyimbo zake zimepigwa tangu wakati huo kwenye redio zetu, kwenye baa zetu, kwenye misiba yetu. Sasa kurekodi ninarekodi nyumbani, sivuki mpaka. Fedha ndiyo bado iko ng’ambo: mwaka jana nyimbo zangu zote za mtandaoni zilinipatia dola 11, na msambazaji haziachii mpaka zifike kiwango chake. Tungekuwa na daftari linaloandikwa vizuri Kilosa, Ifakara na Mvomero, dola 11 zingenihuzunisha kidogo tu.

Ombi langu kubwa ni dogo sana kwa namna lilivyo. Mkiukataa wimbo, ukataeni kwa maandishi. Karatasi moja: jina la wimbo, mstari wenye kosa, kifungu cha kanuni kilichovunjwa, jina na saini ya aliyeamua, na tarehe. Kituo cha redio kikiamua chenyewe kutoupiga ni haki yake, redio ni yake. Basi na kiandike hivyo, “sisi wenyewe tumeamua,” kisiseme kuna maelekezo. Na TCRA, ambayo redio zinaiogopa kuliko zinavyomwogopa msikilizaji, iwaandikie wenye vituo waraka unaosema wazi kwamba simu ya mtu asiyejitambulisha si maelekezo, na kwamba kituo hakitaadhibiwa kwa kupiga wimbo ambao haumo kwenye orodha. Waraka huo ukibandikwa ukutani kwenye studio, pale juu ya mashine, yule mtangazaji aliyenikatia simu angekuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Orodha yenyewe iwekwe hadharani, kila mtu aione, pamoja na sababu. Na wimbo uliofungiwa uwe na siku ya kusikilizwa upya. “Mambo kwa Soksi” ungehukumiwa mara ya pili baada ya miaka mitano, naamini msingeufungia.

Kuhusu daftari: leseni ya redio ikihuishwa, kituo kionyeshe kumbukumbu za nyimbo kilizopiga, kama kinavyoonyesha mambo mengine. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazotambua wimbo zenyewe. Hata zile redio ndogo za jamii zinaweza kusaidiwa kuzipata. Kama fedha ya kuanzia ni tatizo, Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, nasi tunaukopa kwa dhamana za mashamba ya wazee wetu. Sidhani programu ya kuandika nyimbo itakuwa ghali kuliko mkopo wa wasanii watano.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa kwenye basi nikirudi kutoka Dar es Salaam. Tulipopita Chalinze konda akachomeka flashi, na baada ya nyimbo kadhaa nikasikia gitaa langu. Sijui aliupata wapi, pengine mtu alimtumia. Basi zima lilikuwa kimya kwa uchovu. Kiti cha mbele yangu alikaa msichana na mtoto wa watu mapajani. Nilijua ni wa watu kwa sababu mtoto alikuwa akimwita dada, na mama mtoto alikuwa kiti cha upande wa pili akizungumza na simu. Kiitikio kilipofika, yule msichana aliimba. Taratibu, midomo tu, hadi neno la mwisho. Kisha akageuka kumtazama mama upande wa pili kuona kama amesikia.

Sikujitambulisha. Nilishuka Msamvu, na kesho yake nikaanza kuandika barua hii.

Nimeambatanisha mashairi ya “Elfu Sitini”, beti zote nne, na sauti yake kwenye flashi. Nakala za barua hii nimezipeleka kwenye redio zote za mkoa wa Morogoro, nyingine kwa mkono wangu mwenyewe. Wanaoujua wimbo wananiambia ubeti wa tatu, mstari wa pili, ndio mkali kuliko yote. Kama kuna kosa nadhani litakuwa hapo, kwa hiyo anzieni hapo, na mkilipata niandikieni. Anwani iko nyuma ya bahasha.

Wenu mtiifu,

Mwimbaji na mtunzi wa kujitegemea,
Morogoro.